Mama aliacha prednisoloni ghafla, tezi zake za adrenali hazikuitika: kwa nini?

Swali

Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Mama yangu ana miaka 58 na pumu anayo tangu usichana wake. Kwa karibu miaka miwili amekuwa akimeza prednisoloni miligramu 10 kila asubuhi, ananunua mwenyewe duka la dawa kwa sababu zinamfungua kifua. Mwezi uliopita shoga yake alimwambia dawa hizo zinamaliza mifupa, akaziacha siku hiyohiyo. Siku chache baadaye akapata malaria, akawa anatapika, kisha akazimia akielekea msalani. Hospitali walimkuta na presha ya 80 kwa 50, sukari 3.1, sodiamu 128, potasiamu 4.1. Wakamtundikia dripu na kumchoma sindano ya haidrokotisoni, na jioni yake alikuwa amekaa kitandani anaomba uji. Daktari akatuambia tezi zilizo juu ya figo zake hazifanyi kazi kwa sababu ya zile dawa, akamrudisha kwenye prednisoloni. Sijaelewa. Tezi inatengenezaje homoni hiyo, nani anaiamuru, na dawa inayofanana na homoni inawezaje kuizima? Zitarudi? Jirani anamletea mizizi ya urukususu, eti inaamsha tezi. Na mama anataka kufunga Ramadhani.

Jibu

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole zangu. Umefanya vizuri kuandika namba za maabara, maana bila hizo ningekujibu kwa jumla tu. Namba hizo zinaonyesha ni sehemu gani ya tezi imezimika na ipi bado iko kazini. Ila ili uzisome pamoja nami, inabidi kwanza tuingie ndani ya tezi yenyewe.

Kila mtu ana tezi mbili za adrenali, moja juu ya kila figo, kila moja ikiwa na uzito wa gramu nne au tano hivi. Ndani ya kila tezi mna viungo viwili vilivyofungwa pamoja. Kiini cha katikati hutoa adrenalini, ile inayofanya moyo udunde mbwa anapokurukia. Hicho tukiache. Kinachotuhusu ni gamba la nje, ambalo ni karibu asilimia 90 ya tezi yote. Ukilipasua likiwa bichi utaliona lina rangi ya manjano, na rangi hiyo inatokana na mafuta: seli zake zimejaa matone ya lehemu, yaani kolesteroli, iliyochotwa kwenye damu na kuwekwa akiba.

Gamba hili lina akiba ya malighafi, lakini akiba ya homoni halina. Naomba ulishike hilo kuliko lolote nitakalosema baadaye. Kongosho huweka insulini ndani ya vifuko ikisubiri chakula. Tezi ya thairoidi pale shingoni huwa na homoni ya kutosha wiki kadhaa. Gamba la adrenali halina stoo ya namna hiyo, kwa sababu homoni zake ni steroidi, zinayeyuka kwenye mafuta, na utando wa seli wenyewe ni mafuta. Zikishakamilika hupenya na kwenda zake. Zikiwa ndani ya damu nazo hazikai. Nusu ya kotisoli, homoni kuu ya gamba hili, iliyomo kwenye damu yako saa hii itakuwa imeondoka baada ya saa moja hadi saa moja na nusu. Basi tezi ni kama mpika chapati asiye na hotipoti: anapika anapoagizwa, na zinaliwa zikitoka jikoni. Asipoagizwa, hakuna kitu mezani.

Upishi wenyewe uko hivi. Molekuli ya lehemu ina kaboni 27. Hatua ya kwanza inafanyika ndani ya mitokondria, vile vijumba vya nishati ndani ya seli, na hasa kwenye utando wake wa ndani, mahali ambapo lehemu haiwezi kufika yenyewe. Huvushwa na protini iitwayo StAR. Uvushaji huo ndio unaoamua kasi ya kazi nzima: mwili unapohitaji kotisoli nyingi ndani ya dakika chache, unachoongeza ni StAR, kwa sababu vimeng'enya vya mbele, yaani protini zinazoibadilisha molekuli hatua kwa hatua, vinasubiri malighafi tu. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na StAR mbovu. Tezi zao huvimba kwa lehemu huku homoni hawana.

Lehemu ikishavuka, kimeng'enya hukata mkia wenye kaboni sita, ikabaki molekuli ya kaboni 21 iitwayo pregnenoloni. Kutoka hapo kila seli inatengeneza kile ambacho vimeng'enya vyake vinaruhusu, na hapa ndipo matabaka matatu ya gamba yanapotofautiana. Tabaka la nje kabisa ni jembamba, nalo hutengeneza aldosteroni, homoni ya chumvi. La kati ndilo nene, karibu robo tatu ya gamba, nalo hutengeneza kotisoli. La ndani, linalopakana na kiini, hutengeneza androjeni hafifu, yaani homoni za kiume, hasa DHEA, ambayo kwa mwanamke ni chanzo kikubwa cha nywele za kwapani na za kinena.

Tabaka la kati hubadilisha pregnenoloni kuwa kotisoli kwa hatua nne: linaibadilisha kwenye kaboni ya 17, kisha ya 3, kisha ya 21, na mwisho ya 11. Hatua hiyo ya mwisho hufanyika ndani ya mitokondria tena, kwa hiyo molekuli inatoka, inazunguka kwenye tando nyingine za seli, halafu inarudi ilikoanzia. Tabaka la nje halina kimeng'enya cha kaboni ya 17, hivyo kotisoli haliiwezi hata likijaa malighafi. Badala yake lina kimeng'enya chake chenyewe, kisichopatikana tabaka la kati, kinachomalizia aldosteroni. Tabaka la ndani hukata kaboni mbili zaidi na kubakiza 19, ndiyo hiyo DHEA. Kwa hiyo tabaka moja haliwezi kuziba pengo la jirani yake, na jambo hilo tutalihitaji tukifika kwenye potasiamu ya mama.

Niongeze moja kabla hatujaondoka jikoni, ingawa halimhusu mama. Kimeng'enya cha kaboni ya 21 kinaweza kuharibika kwa kurithi. Nchi zinazopima watoto wote wanapozaliwa huwakuta takriban mtoto mmoja kati ya 15,000. Kotisoli inakosekana, malighafi inarundikana na kumwagikia upande wa androjeni. Mtoto wa kike huzaliwa na sehemu za siri zenye sura ya kutatanisha, kwa hiyo mkunga anashtuka mapema. Wa kiume ndio wanaonitia hofu: wanazaliwa wakionekana salama kabisa, kisha kwenye wiki ya pili au ya tatu wanaanza kutapika, wanakauka maji na kupoteza chumvi, na hakuna anayefikiria tezi. Mkunga au muuguzi anayesoma hapa alikumbuke hilo, halafu turudi kwa mama yako.

Umeuliza nani anaamuru. Kwa tabaka la kati amri inatoka kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa homoni ya CRH, ambayo inasafiri masafa mafupi sana mpaka tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na isiyozidi punje ya kunde. Pituitari inajibu kwa kumwaga ACTH kwenye damu. ACTH ni mnyororo wa asidi amino 39, na ikigusa kipokezi chake kwenye seli za gamba inafanya kazi mbili zenye mwendo tofauti. Ya kwanza ni ya dakika chache: lehemu inaachiliwa kutoka kwenye matone, StAR inaongezeka, kotisoli inatoka. Ya pili ni ya siku na wiki: inaziamuru jeni za seli zitengeneze vimeng'enya vyenyewe, na inazifanya seli ziendelee kuwa nene na hai. Ile ya pili husahaulika mno, hata na sisi madaktari. ACTH ni amri ya kazi na pia ni lishe ya mfanyakazi. Ikikosekana kwa miezi, upishi unasimama na jiko lenyewe linasinyaa.

ACTH haimwagiki kwa kiwango kimoja mchana kutwa. Hutoka kwa mipigo, na mipigo hiyo inafuata saa iliyomo kwenye ubongo. Kuanzia kama saa tisa usiku huanza kupanda, kotisoli inafika kileleni karibu na saa mbili asubuhi, kisha inateremka siku nzima hadi kiwango chake cha chini kabisa karibu na saa sita usiku. Ndiyo maana prednisoloni humezwa asubuhi, na ndiyo maana kipimo cha kotisoli kilichochukuliwa saa kumi jioni bila kuandikwa muda hakinisaidii kitu. Juu ya saa hiyo kuna dharura: homa, jeraha, upasuaji, kupoteza damu, sukari kushuka. Zote zinaisukuma haipothalamasi bila kujali ni saa ngapi.

Na kinachoizuia ni kotisoli yenyewe. Inaporudi kwenye ubongo na pituitari kupitia damu, inaingia kwenye vipokezi vyake na kuzima jeni inayotengeneza ACTH. Kotisoli ikipanda, ACTH inashuka. Kotisoli ikipungua, ACTH inapanda. Kwa mtu mzima asiye mgonjwa mizani hii inaishia kwenye miligramu 10 hadi 15 hivi za kotisoli kwa siku.

Sasa ingiza prednisoloni. Wanakemia waliichukua haidrokotisoni, ambayo ndiyo kotisoli hiyohiyo kwa jina la dawa, wakaongeza kiungo kimoja maradufu kati ya kaboni ya 1 na ya 2, nguvu yake ya kuzuia uvimbe ikawa kama mara nne. Miligramu 5 za prednisoloni ni sawa na 20 za haidrokotisoni. Mama alikuwa anameza 10, yaani sawa na 40. Ubongo wake hauna njia ya kujua kuwa hiyo imetoka dukani. Vipokezi vinaona kotisoli imejaa kupita kiasi, kwa hiyo CRH inakatwa, ACTH inakatwa. Kwa siku chache haina madhara, ndiyo maana mtu anaweza kupewa prednisoloni siku tano kwa shambulio la pumu na kuacha bila taabu. Ikizidi wiki tatu au nne kwa dozi ya juu ya miligramu 5 hivi, tunaanza kuhesabu kwamba tezi imezubaa. Mama alikwenda karibu miaka miwili. Tabaka lake la kati na la ndani yalikosa ACTH muda wote huo, yakasinyaa, vimeng'enya vikapungua. Siku aliyoacha, kotisoli ya dukani iliisha, na tezi haikuwa na akiba wala uwezo wa kupika. Pituitari nayo, iliyonyamazishwa muda mrefu hivyo, haikupiga kelele.

Hapa ndipo ile potasiamu ya 4.1 inaponifurahisha. Tabaka la nje, la aldosteroni, halimtegemei bwana yuleyule. ACTH inaligusa kidogo tu. Wanaoliamuru hasa ni wawili. Wa kwanza ni figo: shinikizo la damu likishuka au chumvi ikipungua, seli fulani za figo hutoa renini, renini inaikata protini inayotoka kwenye ini, kipande kinachopatikana kinapita kwenye mapafu na kukatwa tena, na mwisho wake ni anjiotensini ya pili, ambayo inabana mishipa na kuliamuru tabaka la nje litoe aldosteroni. Wa pili ni potasiamu yenyewe. Ikipanda kidogo tu kwenye damu, seli za tabaka hilo zinaihisi moja kwa moja, bila mjumbe wa kati, na kutoa aldosteroni inayokwenda kuiambia figo irudishe sodiamu na kuitupa potasiamu kwenye mkojo. Kiasi chake ni kidogo ajabu, kama sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa siku, lakini bila hicho mtu hafiki mbali.

Prednisoloni haikumgusa yeyote kati ya hao wawili. Kwa hiyo tabaka la nje la mama liko hai, aldosteroni ipo, na potasiamu ikabaki pale inapotakiwa. Lingekuwa limekufa, ningetarajia kuona 5.8 au 6 na zaidi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye chumvi, tummalize jirani na urukususu wake. Kipokezi cha aldosteroni kwenye figo kina udhaifu wa ajabu: hakitofautishi aldosteroni na kotisoli, na kotisoli kwenye damu ni nyingi mno kuizidi aldosteroni. Figo inajilinda kwa kimeng'enya kinachoigeuza kotisoli kuwa kotisoni, isiyo na nguvu, kabla haijakifikia kipokezi. Utamu wa urukususu unatokana na kemikali inayokizuia kimeng'enya hicho. Ukitafunwa au kunywewa kwa wingi kwa wiki kadhaa, kotisoli inaanza kujifanya aldosteroni: presha inapanda, potasiamu inashuka, misuli inalegea. Presha ikipanda mtu anajiona amepata nguvu, na nadhani sifa hiyo ya kuamsha tezi imetoka hapo. Tezi haijaguswa. Mshukuru jirani kwa wema wake, mizizi iwekeni kando, na kama mama ameshaitumia mwambieni daktari wake.

Utaniuliza, kama aldosteroni ilikuwepo, mbona presha ilianguka mpaka 80? Kwa sababu mishipa ya damu inahitaji kotisoli ili iitikie adrenalini na wenzake. Bila kotisoli amri ya kubana inafika, na mshipa unaipuuza. Sodiamu ya 128 nayo haikutokana na kupoteza chumvi kama watu wanavyodhani. Kotisoli ikikosekana, ubongo hutoa vasopresini kupita kiasi, figo inashikilia maji, na chumvi iliyopo inazimuliwa, kutapika kukazidisha. Sukari ya 3.1 ina wazazi zaidi ya mmoja: ini linahitaji kotisoli ili litengeneze glukosi mtu asipokula, mama alikuwa hali, na malaria yenyewe hushusha sukari. Nisingeitumia hiyo peke yake kuthibitisha chochote.

Malaria ndiyo iliyomwangusha. Mtu mwenye tezi nzima akipata homa kali anaongeza kotisoli mara mbili, mara tatu, na akiwa mahututi zaidi ya hapo. Mama alitakiwa kuongeza akiwa hana hata kiwango cha kawaida. Ndiyo maana siku za mwanzo baada ya kuacha aliendelea na shughuli zake, pengine kwa uchovu tu na viungo kuuma, mpaka homa ilipokuja kudai. Na ndiyo maana haidrokotisoni ya mshipani, ambayo kwa mtu mzima kawaida huanza na miligramu 100, pamoja na maji ya chumvi na sukari, ilimrudisha ndani ya saa chache. Waliompokea walifikiria haraka, na wanastahili sifa, maana dalili hizi zingeweza kuitwa malaria kali na mambo yakaishia hapo.

Kuna jambo moja ninalotaka umwangalie kwa macho yako: ufizi, mistari ya viganja na makovu ya zamani, kama vimekuwa vyeusi kuliko zamani. Nategemea utaniambia hapana. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa Guy's Hospital, London, alieleza wagonjwa waliodhoofika, wakitapika, ngozi zikiwa nyeusi, na walipopasuliwa baada ya kufa tezi zao za adrenali zikakutwa zimeharibika, nyingi kwa kifua kikuu. Tezi yenyewe ikifa, pituitari haioni kotisoli, inamwaga ACTH bila breki, na ACTH nyingi huziamsha seli za rangi kwenye ngozi. Kwa mama ACTH iko chini, hivyo ngozi haibadiliki, na matabaka yote matatu hayajafa pamoja, hivyo potasiamu haipandi. Hospitali mbili zikikutana na wagonjwa hao wawili usiku mmoja, sindano ni ileile. Safari ya baadaye ndiyo inayotofautiana. Wa Addison atameza haidrokotisoni maisha yake yote, na mara nyingi fludrokotisoni ya kuziba pengo la aldosteroni. Mama ana nafasi nzuri ya kuachana na vidonge.

Kifua kikuu bado tunacho, kwa hiyo ugonjwa wa Addison si hadithi ya London peke yake. Na kuna mtego: rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huharakisha ini kuvunjavunja kotisoli. Mtu ambaye tezi zake zimebaki na uwezo mdogo anaweza kuanza matibabu sahihi kabisa, kisha akaporomoka wiki chache baadaye. Ritonaviri, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za VVU, hufanya kinyume: huchelewesha kuvunjwa kwa steroidi, hata za kuvuta puani au mdomoni, zikarundikana mpaka tezi ikazimwa bila mgonjwa kumeza kidonge kimoja cha prednisoloni. Ketokonazoli ya vidonge vya fangasi huzuia vimeng'enya vya gamba lenyewe. Mgonjwa akitaja dawa zake kliniki, azitaje zote.

Zaidi ya hizo kuna zile ambazo watu hawaziiti dawa. Mkorogo wa kujichubua mara nyingi una klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali sana, na zikipakwa mwili mzima kila siku kwa miezi zinapenya mpaka kwenye damu na kuizima ACTH vilevile. Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya, kuanzia Kinshasa hadi kwetu huku pwani, aghalabu ni deksamethasoni iliyochanganywa na dawa ya kuongeza hamu ya kula. Deksamethasoni miligramu 0.75 tu ni sawa na prednisoloni 5, na hukaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba pituitari haipati hata usiku mmoja wa kupumua. Binti anazitumia mpaka harusi ipite, anaziacha, anaumwa, na nyumbani wanasema amerogwa. Hili linanikera kuliko jingine lolote katika kazi yangu, kwa sababu hakuna anayewaambia wanunuzi hata neno moja.

Kwamba steroidi zinasaidia haraka, sikatai. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake wa Mayo Clinic kule Marekani walimpa kotisoni mwanamke aliyeshindwa kutembea kwa baridi yabisi, akainuka ndani ya siku chache, na mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Madhara yalionekana mapema, wakati dunia bado inashangilia. Mama yako naye alipata nafuu ya kweli kifuani. Kosa liko kwa utaratibu unaomruhusu mtu kuimeza miaka miwili bila kuonwa na daktari.

Zitarudi? Kwa wengi, ndiyo, lakini kwa mpangilio wake. Kwanza zinaamka haipothalamasi na pituitari. ACTH inapanda, mara nyingine hata kupita kawaida, huku kotisoli ikiwa bado chini kwa sababu jiko linajengwa upya. Kisha taratibu gamba linanenepa, vimeng'enya vinarudi, kotisoli inapanda. Kwa mtu aliyetumia muda mrefu kama mama, miezi sita hadi mwaka ni kawaida, na wengine huchukua zaidi. Hakuna chakula wala vitamini ya kuharakisha. Kinachosaidia ni kuiacha pituitari ihisi upungufu kidogo kidogo: daktari atateremsha dozi mpaka kwenye 5, kisha atashuka polepole zaidi, pengine miligramu moja kila baada ya wiki kadhaa, au atambadilishia haidrokotisoni, inayoisha jioni na kuuachia usiku nafasi. Katikati ya safari atampima kotisoli ya asubuhi. Siku hiyo asimeze kidonge mpaka damu itolewe, kwa kuwa prednisoloni inaweza kuidanganya mashine ikahesabiwa kama kotisoli. Jibu likiwa la kati, kuna kipimo cha Synacthen: anachomwa ACTH ya kutengenezwa, mikrogramu 250, na kotisoli inapimwa baada ya nusu saa au saa moja ili kuona kama gamba linaitika. Asipunguze wala kuacha mwenyewe kwa sababu anajisikia vizuri. Alijisikia vizuri pia siku mbili kabla ya malaria.

Mpaka kipimo hicho kipite, mtu mmoja zaidi ya mama awe anajua kanuni hii, na nadhani ni wewe. Akipata homa, dozi ya siku hiyo huongezwa mara mbili, kwa maelekezo ambayo daktari wake amwandikie kabisa kwenye karatasi, mpaka homa ipite. Akitapika kidonge, au akiharisha mfululizo, kidonge hakitoshi tena, anahitaji sindano, na hapo hakuna kusubiri asubuhi. Akienda kung'olewa jino kubwa au kufanyiwa upasuaji wowote, aseme mapema. Kwenye pochi yake awe na kadi: jina, dawa, dozi, na maneno "anatumia steroidi, asiachishwe ghafla".

Shoga yake hakudanganya kuhusu mifupa. Steroidi nyingi kwa muda mrefu huipunguza, na mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi yuko hatarini zaidi, kwa hiyo muulizeni daktari kuhusu kalisi na vitamini D. Ila pumu yenyewe ndiyo ilimfikisha hapa, na isipotibiwa atazirudia. Steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, akiivuta kila siku kupitia chupa maalumu ya kuvutia, hufika kwenye mapafu kwa kiasi kidogo sana, na kwa dozi za kawaida ni nadra kuizima ACTH. Kwa mgonjwa wa pumu wa miaka mingi hiyo ndiyo dawa ya kila siku. Vidonge ni vya mashambulio.

Ramadhani hii asifunge. Najua atakwambia prednisoloni anaweza kuimeza wakati wa daku na ikamfikisha magharibi, na kwa dawa hiyo ni kweli. Shida ni siku atakapoamka na homa, au atakapotapika saa nane mchana, akasema avumilie mpaka adhana. Wataalamu wa homoni huwaweka wagonjwa wa upungufu huu kwenye kundi la hatari kubwa kwa kufunga, na yeye ndiyo kwanza ametoka kwenye tukio la kutishia maisha. Mgonjwa ana ruhusa, na siku zinalipwa. Zungumzeni na daktari wake pamoja na shehe wenu. Mwakani, kama Synacthen itakuwa imetoa jibu zuri, mazungumzo yatakuwa mengine.